Moto wa Machifu, Kipunji na Dhahabu ya Mjerumani

Barua zimerundikana. Nimechagua zilizonikera na moja iliyonitia hofu. Wanaouliza tofauti ya kisasili na ngano wafungue kitabu chochote cha fasihi cha sekondari, imeelezwa humo vizuri.

*Mwalimu, shikamoo. Tulisimuliwa kwamba watu wa kale wa Rungwe hawakuujua moto, walikula vibichi, hadi machifu waliposhuka kutoka milima ya Ukinga na moto na ng'ombe. Kweli mababu zetu walikuwa washenzi hivyo? (Tukuyu mjini. Barua za Katumba, Ikuti na Mwakaleli zinauliza hilohilo, moja kwa matusi.)*

Marahaba. Si kweli, wala wazee waliosimulia hawakukusudia uihesabu kama taarifa ya habari. Hakuna jamii ya binadamu inayojulikana iliyoishi bila moto, sembuse watu wa Rungwe, kwenye baridi ile ya Juni na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka.

Jiulize kwanza hadithi hiyo ilikuwa ya nani. Ni ya koo za machifu. Wao ndio waliojiita wageni kutoka Ukinga, wa damu moja na wafalme wa jadi, Lwembe wa Lubaga na Kyungu wa Mbande kule Karonga, Malawi. Mtu anayedai haki ya kukutawala hakosi kukukumbusha alichokuletea. Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika kwamba kisasili katika jamii ni hati ya madaraka, na hapa alisema kweli tupu. Mwanafunzi wake Godfrey Wilson, pamoja na Monica Wilson, wakaja kuishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938 na kuikuta hati hiyo ikiwa bado inatumika.

Ilitumika namna gani? Mara moja katika kila kizazi kulikuwa na Ubusoka, sherehe ya chifu mzee kuwakabidhi wanawe nchi. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, kisha watu wakaugawana. Hapo ndipo hadithi ya moto ilipokaa. Kila kizazi kiliuona utawala ukianza upya kwa macho yake, na kikaota moto wake nyumbani.

Sasa sikiliza sehemu ambayo babu yako huenda aliiruka. Raia nao walikuwa na silaha yao, "pumzi ya watu". Wazee wa vijiji, ambao hawakuwa wa ukoo wa chifu, walisadikiwa kuwa na nguvu za usiku za kulinda kijiji, na manung'uniko yao yalitosha kumshushia mkosaji baridi ya ugonjwa, hata kama mkosaji ni chifu mwenyewe. Basi chifu kaleta moto, lakini pumzi ni ya raia, na ukisimulia upande mmoja umesimulia nusu ya mkataba. Ninaowalaumu ni waliochukua nusu hiyo, wakaifanya somo la historia, wakawaambia watoto kwamba wazee wao walikuwa kama wanyama.

Wala msijione wa peke yenu. Waganda wanasema babu yao Kintu alikuja na ng'ombe wake mmoja. Kilwa wanasema Ali bin Hasan alitoka Shirazi na kukinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote. Kwa miaka mingi hadithi ya Kilwa ilitumiwa kudai kwamba Mwafrika hakujenga mji wa mawe. Waakiolojia wakachimba, wakakuta miji ile imekua hapohapo, kutoka vijiji vya udongo. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani: wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuzaa na wanawake wa Kiafrika yapata mwaka 1000. Kwa hiyo mgeni alikuwapo kweli. Aliyemzaa mtoto na kumfundisha Kiswahili alikuwa mwenyeji, naye hadithi haimtaji.

*Kipunji alidhaniwa ni mnyama wa hadithi, kumbe yupo. Je, hii haithibitishi kwamba hadithi zote za wazee ni za kweli? (Kiwira)*

Haithibitishi. Mapema mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiwahoji wawindaji wa Mlima Rungwe walisikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Walisita, kwa sababu wawindaji hao walitaja wanyama wa porini na wanyama wa mizimu kwa pumzi moja. Mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la *Science*, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923.

Kilichothibitika ni kwamba mwindaji anamjua mnyama anayemwinda. Ni ujuzi wa kazi, na ulipuuzwa kwa kuwa ulisemwa pamoja na habari za mizimu. Vivyo hivyo Mlima Kyejo: wanajiolojia wanaposema lava yake ya mwisho ilimwagika karibu mwaka 1800, wanategemea kumbukumbu za wazee. Shahidi akisema alichokiona, msikilize. Akikueleza kwa nini dunia iko ilivyo, huo si ushahidi tena, na swali lako libadilike.

*Hadithi za moto za Prometheus wa Wagiriki, Maui wa Wamaori na zetu zinafanana. Si ishara kwamba zote zimetoka Misri?*

La. Watu wote hupika.

*Ni kweli Lwembe alikuwa akiuawa? (Lufilyo)*

Makuhani wenyewe walimweleza hivyo Monica Wilson: Lwembe akiugua sana alizibwa pumzi, na kabla hajakata roho walichukua nywele na kucha zake ili rutuba ya nchi isizikwe naye. Msomi James Frazer alikwishaandika kuhusu wafalme wa aina hiyo mwaka 1890, akiwa kwenye kiti chake Uingereza. Wilson aliwauliza wenye shughuli, naye akaambiwa kwamba warithi walikikimbia cheo hicho. Ningekuwa mimi, ningekimbia pia. Wanaowasimulia watalii wa Lubaga habari za damu kwa kujichekesha waache, yule alikuwa mtu na ndugu zake.

*Je, wamisionari walituibia jina la Mungu? (Rungwe Misheni)*

Waliliazima bila kuuliza. Wamoraviani na Waberlini walifika 1891. Kyala, kama akina Wilson walivyoelezwa, alikuwa shujaa mmoja miongoni mwa wengine, mwenye pango lake Pali-Kyala, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Leo ni jina la Mungu kwenye kila kanisa na hakuna anayetaka lirudi.

*Kuna mtaalamu amekuja Masoko. Anasema Wajerumani walizamisha dhahabu katika Ziwa Kisiba na nyingine Ngozi, inalindwa na nyoka, na zinahitajika fedha za kafara. Tumechanga kidogo. Tuendelee? (Watu watatu, majina yamehifadhiwa)*

Msiendelee! Hii ndiyo barua iliyoninyima usingizi.

Kwamba rupia na heller za Mjerumani zimeokotwa Masoko, sibishi. Palikuwa na kambi ya askari, na askari hulipwa mshahara. Dhahabu ni habari nyingine. Sarafu ya dhahabu ya koloni hili, ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, kuanzia Aprili, kwa dhahabu ya Sekenke, vipande kama 16,000. Majeshi ya Uingereza ya Jenerali Northey yaliingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu yenu hii, mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Mnataka niamini kwamba jeshi linaloelemewa, linalogeuza maganda ya risasi kuwa sarafu za shaba kwa uhaba wa fedha, lilisafirisha dhahabu kutoka Tabora kuja kuitupa ziwani mbele ya adui?

Nyoka wa ziwani ni wa zamani kuliko Mjerumani. Mtaalamu wenu amemvisha kofia ya askari na kumfanya mlinzi wa benki. Ngozi ni kasoko ya volkano yenye kingo za mteremko mkali na maji marefu, na anayezama humo usiku akitafuta dhahabu hahitaji nyoka ili afe. Nendeni polisi na risiti za simu mlizotumia kumlipa.

*Mama yangu mzee anajua hadithi nyingi. Niziandike vipi? (Ushirika)*

Mrekodi kwa simu, kwa Kinyakyusa, sio kwa Kiswahili cha kumridhisha mgeni. Andika jina lake, kijiji, tarehe, na alizisikia kwa nani. Usimsahihishe, wala usiongeze mafundisho mwishoni. Akisimulia tofauti wiki ijayo, rekodi tena na utunze zote mbili. Halafu mtafute mtu wa ukoo usioelewana na wa kwenu umsikilize naye. Anza Jumamosi hii.