Somo la Ufundi: Kupanga Magurudumu ya Motokaa ya Spoti

Motokaa hata ikiwa na injini yenye nguvu namna gani, haishiki ardhi ila kwa matairi yake manne, na kila tairi hugusa njia kwa mahali padogo tu, kama kiganja cha mkono. Viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba uzito, vinavyopokea breki, na vinavyoizuia motokaa isitupwe nje ya kona. Magurudumu yakipangwa vibaya, motokaa iendayo kasi huweza kuzunguka kama pia na kugonga ukuta. Kwa hiyo yafaa tujue kazi hii, ambayo mafundi wa gereji huiita alaimenti.

Tuchukue mfano mmoja: Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989 na kuundwa Hiroshima, Japani, hata mwaka 1997. Ni motokaa ndogo ya watu wawili; pamoja na dereva uzito wake hupita kidogo kilo 1,000. Injini iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Huko Uingereza, wenye motokaa kama hizi hulipa ada wakaziendesha katika viwanja vya mbio kama Brands Hatch na Silverstone. Inafaa kwa somo letu, kwa maana pembe za magurudumu yake hupangika kwa boliti na tairodi zake za kiwandani.

Pembe zenyewe ni tatu.

Ya kwanza ni kemba, yaani kuinama kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Motokaa ikikata kona kwa kasi, bodi hulalia upande wa nje, na tairi la nje, ambalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa, husimama juu ya ukingo wake tu. Dawa yake ni kuliinamisha tangu mwanzo, sehemu ya juu iingie ndani kidogo. Likifika katika kona, husimama sawa na kukanyaga kwa upana wake wote. Lakini kila jambo na kiasi chake: likiinamishwa kupita kiasi, motokaa hukosa mshiko wakati wa kufunga breki katika njia iliyonyoka.

Ya pili ni mwelekeo. Ncha za mbele za magurudumu mawili zikikaribiana kuliko za nyuma, twasema magurudumu yanatazamana. Zikiwa mbali zaidi, yanaachana. Magurudumu ya mbele yakiachana kidogo, motokaa huingia kona upesi. Ya nyuma hayana budi kutazamana kidogo, ili mkia utulie. Yale ya nyuma yakiachana, mkia hutaka kumpita dereva, na hapo ndipo ajali ilipo.

Ya tatu ni kasta, yaani kulala nyuma kwa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Kasta huurudisha usukani katikati, tena huongeza kuinama kwa tairi la nje dereva anapokata kona. Katika MX-5 hiyo, digrii 4 hata 5 hufaa.

Sasa tuione kazi yenyewe, nayo ina taratibu yake. Kwanza, kagua bojointi, beringi na tairodi. Kikiwapo kilicholegea, kibadilishe, kwa kuwa kupima kitu kinachocheza ni kazi bure. Pili, iweke motokaa mahali palipo sawa kabisa, jaza matairi upepo unaotakiwa, na weka kitini mzigo ulio sawa na uzito wa dereva. Tatu, funga usukani ukiwa katikati. Nne, panga magurudumu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele. Tano, kemba na kasta zitangulie, mwelekeo uwe wa mwisho. Kwa sababu ukigusa kemba, mwelekeo nao huhama.

Vipimo vya kuanzia uwanjani ni hivi: kemba ya mbele karibu digrii 2 kwa ndani, ya nyuma kiasi hicho au pungufu kidogo, mwelekeo wa mbele sifuri, au kuachana milimita 1, mwelekeo wa nyuma, kutazamana milimita 1 kwa kila gurudumu.

Msidhani kwamba kazi hii haiwezekani bila mashine ya thamani. Kemba hupimwa kwa timazi. Rimu ya inchi 14 ni milimita 356. Tanjenti ya digrii 2 ni 0.0349, zidisha kwa 356, utapata milimita 12.4. Basi ukingo wa juu wa rimu ukiwa ndani ya ule wa chini kwa milimita 12 hivi, umefika. Mwelekeo hupimwa kwa nyuzi mbili zilizovutwa sambamba ubavuni mwa motokaa, moja kila upande, kwa kimo cha vitovu vya magurudumu. Hakikisha vitovu vya mbele, cha kulia na cha kushoto, viko mbali sawa na nyuzi zao. Na vya nyuma vivyo hivyo. Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wake wa nyuma. Mbele ikiwa milimita 152 na nyuma 151, gurudumu limeelekea ndani kwa milimita 1, yaani karibu dakika 10 za digrii.

Baada ya mizunguko michache uwanjani, tairi lenyewe hutoa ushahidi. Pima joto lake mara linaporudi, sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Nje pakiwa na joto kuliko ndani, ongeza kemba. Katikati pakizidi pande zote mbili, punguza upepo. Badili jambo moja tu kila mara, na uliandike daftarini, usije ukapotea njia.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika gereji mnajua jinsi tairi la basi dogo linavyolika upande mmoja. Sababu mara nyingi ni hizi hizi. Tofauti ni kwamba barabarani hasara huja polepole, na uwanjani huja mara moja.

Maswali

1. Kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ni milimita 150, hadi ukingo wa nyuma 152. Gurudumu limeelekea wapi, na kwa kiasi gani?

2. Rimu ya milimita 381 imeingia ndani juu kwa milimita 10. Kemba ni digrii ngapi?

3. Kwa nini mwelekeo hupangwa mwisho?