Ofisi Inahamia Tegeta, Mimi Naishi Kigamboni

Shangazi,

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Ofisi yetu iko Posta, nami naishi Mjimwema, Kigamboni. Asubuhi napanda bajaji hadi kivukoni, navuka, kisha natembea kwa miguu mpaka ofisini. Mwezi ujao tunahamia Tegeta, kwenye jengo la bosi mwenyewe. Tulitangaziwa kikaoni kwa dakika chache. Nilipouliza habari ya usafiri, meneja akanijibu kwamba ni Dar hiihii, si uhamisho. Wenzangu wanaokaa Mbezi Beach na Bunju walipiga makofi.

Mume wangu anafundisha shule ya huku Kigamboni, na mtoto wetu yuko darasa la kwanza shule hiyohiyo. Mume anasema niache kazi. Mama mkwe anasema tuhame. Mimi silali. Nifanyeje?

Mama wa Mjimwema

Mwanangu,

Nianze na hao waliopiga makofi. Usiwanunie. Mtu aliyekuwa akitoka Bunju gizani kuja Posta amebeba mzigo huo miaka yote, wewe ukitembea zako kutoka kivukoni. Lakini makofi yao yanakufundisha jambo: ukienda kwa meneja na hoja ya kwamba Tegeta ni mbali, umeshindwa kabla hujakaa, maana kwa nusu ya ofisi si mbali. Kinachochukuliwa kwako ni saa. Zungumzia saa.

Ili uzizungumzie, uzijue kwanza. Omba ruhusa siku moja ya kazi, si Jumapili, utoke nyumbani kama mtu anayewahi kazini Tegeta. Ukishuka kwenye kivuko upande wa Magogoni, kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko jirani: panda basi la kwenda kituo cha Morocco, kisha unganisha daladala ya barabara ya Bagamoyo. Siku nyingine jaribu kuzunguka kwa Daraja la Nyerere: Kurasini, barabara ya Mandela, Ubungo, Mwenge, ndipo Tegeta. Usishangae njia inayoonekana ndefu ikakufikisha mapema. Katika jiji hili kinachochosha ni kuunganisha kuliko kilomita. Kila unaposhuka unaanza kusubiri upya, na kila kituo kina siku yake mbaya: leo kivuko kimoja kiko kwenye matengenezo, kesho mvua imenyesha na daladala zimeadimika.

Una nafuu moja ambayo pengine hujaifikiria. Asubuhi watu wanaingia mjini, wewe utakuwa unatoka. Jioni wanatoka, wewe unaingia. Ukishavuka, una nafasi nzuri ya kupata kiti kuliko wenzako wa Bunju walivyokuwa nayo. Bugudha itabaki kivukoni, kwa kuwa jioni utakuta umati wote wa Kigamboni umekutangulia. Andika saa ya kutoka, saa ya kufika, nauli ya kila kipande, kwenda na kurudi. Wewe ni mhasibu, sina haja ya kukukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa hilo la "Dar hiihii". Meneja ana ukweli nusu. Watumishi wa serikali waliohamia Dodoma baada ya tangazo la mwaka 2016 walihama mji, wakawa na stahili zao za uhamisho. Usitegemee hesabu hiyo kwa safari ya ndani ya jiji. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali pa kazi ni mojawapo ya maelezo hayo. Yakibadilika, mwajiri hutakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Tangazo la kikaoni si mashauriano. Toa mkataba wako kabatini, usome umeandikwaje. Kama umetaja Posta tu, una pa kuanzia. Kama unasema utafanya kazi popote mwajiri atakapokupangia, nguvu yako ni ndogo zaidi, ila kuomba mazungumzo bado ni haki yako.

Ombi lako lisiwe posho ya nauli peke yake. Posho itakufidia shilingi, haitakurudishia jioni. Omba kwanza saa zisogee: uingie mapema na kutoka mapema, ili urudi kivukoni kabla ya msongamano. Kikomo cha sheria ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, nawe huombi kupunguziwa hata moja, unaomba zihamishwe. Pili, omba siku mbili kwa wiki ubaki mjini. Hapa una hoja nzito kuliko mfanyakazi wa kampuni nyingine yoyote: ofisi inahamia Tegeta, lakini bandari haihami. Mawakala wa meli mnaoshughulika nao, pamoja na benki, wengi wao bado wako mjini, na taarifa za forodha hutumwa kwa mtandao. Kampuni italazimika kuwa na mtu wa kufuatilia mambo huko mjini. Jitolee uwe wewe, kabla hawajatafuta kijana wa pikipiki. Tatu, kama mko kadhaa mnaotoka Kigamboni na Mbagala, ombeni gari la wafanyakazi liwachukue mjini. Bosi anaacha kulipa pango la Posta. Si aibu kumwomba sehemu ndogo ya anachookoa. Nendeni pamoja, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, lipitieni.

Mumeo anasema uache kazi. Naamini anasema kwa huruma, ila mwonyeshe hesabu. Ukijiuzulu mwenyewe kwa hasira, kwa kawaida unapoteza kiinua mgongo ambacho kisheria si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Na kama mambo yataharibika hadi waachishe watu, migogoro ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae na barua mkobani.

Mama mkwe anasema mhame. Mheshimu, mwambie mmesikia, lakini msikimbilie. Mwenye nyumba wa Tegeta atataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Mtoto atakatishwa masomo katikati ya muhula. Na mumeo, ambaye leo anakwenda shuleni na mwanawe, ndiye atakayeanza kuvuka kivuko. Hapo hamtakuwa mmeondoa safari nyumbani kwenu, mtakuwa mmempa mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Andika barua fupi kwa meneja wiki hii, ukiambatanisha jedwali lako la saa na maombi matatu niliyokutajia. Pendekeza majaribio ya miezi mitatu, na mkubaliane kwa maandishi kwamba baada yake mtakaa tena. Katika miezi hiyo mumeo achukue kazi za jioni, chakula cha mtoto na daftari zake, bila kusubiri kuombwa. Kama kweli anakuhurumia, huruma ianzie jikoni. Wakati huohuo tuma maombi ya kazi kimyakimya. Kampuni za uwakala zilizobaki karibu na bandari ni nyingi, na mhasibu anayeijua forodha hakai sana bila kuitwa. Ukiondoka, ondoka ukiwa na barua ya kazi mpya mkononi. Ukibaki, ubaki kwa masharti uliyoyakubali wewe.