Ndoo Ipumzike Kwanza

Shikamoo Bwana Shamba,

Mimi ni mzaliwa wa Muleba, kwa sasa naishi Columbus, Ohio. Desemba iliyopita tulinunua mti wa Krismasi ulio hai, aina ya Fraser, mizizi ikiwa imefungwa kwenye gunia pamoja na udongo wake. Tuliuweka sebuleni wiki tatu, kisha mume wangu akachimba shimo nyuma ya nyumba tukaupanda. Ilikuwa Krismasi ya kwanza ya mtoto wetu na tulitaka akue nao. Mwezi wa tano ulichipua vizuri, tukafurahi. Sasa ni Julai, machipukizi yote mapya yamelegea, sindano zinaning'inia, na zile za matawi ya chini zimeanza kuwa za manjano. Namwagilia ndoo mbili kila jioni lakini hali inazidi kuwa mbaya. Nimemwaga pia majivu ya jiko la nyama choma kuzunguka shina, kama mama anavyofanya kwenye migomba. Jirani anasema niweke mbolea. Mume wangu anasema tuung'oe. Nifanye nini?

Mama Neema, Columbus

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Usimwagilie leo jioni wala kesho. Katika yote uliyoniandikia, hizo ndoo mbili ndizo ninazozishuku kuliko kitu kingine.

Mti wa Fraser ni wa milimani. Kwao ni vilele vya Appalachia kusini, katika majimbo ya North Carolina, Tennessee na Virginia, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Huko mvua na ukungu ni vya kila mara, ila udongo ni mwepesi, una tindikali, na maji hupita bila kutuama. Ohio ya kati mambo ni kinyume. Sehemu kubwa ya udongo wake ni mfinyanzi mzito uliotokana na mawe ya chokaa, hivyo tindikali ni haba na maji yakiingia hayana haraka ya kutoka. Shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi wa namna hiyo hushika maji siku nyingi. Mizizi ikikaa majini inakosa hewa, na ikikosa hewa inaanza kufa. Mzizi uliokufa haunywi tena, ndiyo maana mti unaonyesha dalili za kiu ilhali umezungukwa na maji. Bila shaka umewahi kuona maharage yaliyopandwa bondeni yakinyauka masika yalipozidi. Mti wako nadhani uko katika hali hiyohiyo.

Kuna hatari kubwa zaidi nyuma ya hii. Udongo uliotota humkaribisha kimelea anayeitwa Phytophthora, ndugu wa yule anayeleta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya. Vijimbegu vyake huogelea kwenye maji ya udongoni hadi vifike kwenye mizizi. Fraser ni miongoni mwa miti ya Krismasi inayoshindwa naye kwa urahisi zaidi, na hata wakulima wa huko kwao North Carolina hupoteza miti mingi kwa sababu yake. Kwa kutazama sindano peke yake siwezi kukuambia kama ameshaingia. Itabidi uchimbe.

Chukua chepe dogo, kaa upande mmoja wa mti, fukua taratibu kuelekea shina. Angalia kwanza mahali shina linapokutana na udongo. Shina la mti uliopandwa sawasawa hupanuka kidogo linapoingia ardhini, na mizizi mikubwa ya kwanza huwa karibu kabisa na uso wa udongo. Ukilazimika kufukua kina cha kiganja kabla ya kuiona, mti ulizikwa mno. Tazama pia kama gunia bado lipo, na kamba au waya bado vimezunguka shina. Watu wengi hupanda na vifungo vyake vyote wakiamini vitaoza vyenyewe. Kamba ya nailoni haiozi, na hukaba shina kadiri linavyonenepa. Kata kamba yote, kunja na kukata gunia la sehemu ya juu.

Kisha shika mzizi mwembamba mmoja, uvute kati ya vidole. Mzizi mzima ni mgumu na ncha yake ni nyeupe. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ganda lake huchomoka na kuacha uzi mwembamba mkononi. Mwisho, kwa ncha ya kisu kikali, kwangua gome kidogo sana chini ya shina, eneo dogo kama ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani au weupe, mti una nafasi nzuri ya kupona. Ukikuta rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hasa kama imepanda juu kutoka kwenye mizizi, Phytophthora ameshafika. Zipo dawa za kumpunguza kasi, lakini hakuna ya kuufufua mti ambao shina lake limeshaoza pande zote. Wakikuuzia dawa ya kuponya hali hiyo, usitoe pesa yako.

Tuseme umekuta gome bichi, nami natumaini iwe hivyo. Usiuhamishe sasa. Joto la Julai litaumaliza. Acha udongo ukauke, na uwe unaupima kwa kidole au kijiti: mwagilia tu pale kina cha sentimita 10 kinapokuwa kimekauka, kisha mwagilia taratibu kwenye donge la mizizi. Tandaza vipande vya magome au matawi yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini matandazo yasiguse shina. Mwishoni mwa Agosti au ndani ya Septemba, joto likishuka na udongo ungali vuguvugu, ng'oeni mti na donge lake mkaupande upya kwenye tuta lililoinuka sentimita 20 au 30, pana mara mbili tatu ya donge lenyewe. Kabla ardhi haijaganda, upe maji ya kutosha mara moja, kwa maana sindano huendelea kupoteza unyevu kwa upepo wa baridi.

Majivu yaondoe leo. Mama yako hakosei kwa migomba yake, maana udongo wa kwenu Kagera una tindikali nyingi na majivu huipunguza. Mti huu unaitaka tindikali hiyo, na Columbus tayari ni haba. Ikipungua zaidi mti hushindwa kufyonza chuma, sindano zinakuwa za manjano. Na jirani, kwa nia yake njema, asikushawishi kuweka mbolea ya chumvichumvi. Itaichoma mizizi iliyo dhaifu. Wasiliana kwanza na ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Ohio State katika kaunti yako, uulize namna ya kupima udongo.

Zile wiki tatu za sebuleni nazo ziliuumiza. Mti ulio hai ukae ndani siku 7 hadi 10, usizidi, tena mbali na kipasha joto. Ukizidisha, unaamka usingizini ukidhani baridi imekwisha, halafu unatolewa nje kwenye barafu.

Mume wako anaweza kuwa sahihi, lakini uamuzi huo usubiri kisu. Gome likiwa la kahawia pande zote, ung'oeni bila kuchelewa, msafishe chepe, na msipande Fraser mwingine pale pale, kwani kimelea hukaa udongoni miaka mingi. Chagueni mahali pengine palipoinuka, mpande mti wa aina ya Canaan. Unafanana na Fraser kwa sura na harufu, lakini unavumilia unyevu zaidi, na wakulima wa miti ya Krismasi wa Ohio huupanda kwa sababu hiyo. Mtoto bado mdogo. Mti utakaopandwa Septemba utakuwa wake vilevile.

Chimba Jumamosi hii, Mama Neema, kabla hujanunua chochote, kisha niandikie rangi uliyoikuta chini ya gome.