Unga Ulio Ndani ya Kichupa cha Chanjo

Mama anayempeleka mtoto mchanga kliniki, iwe Mbagala au Tandale, humwona muuguzi akichukua kichupa chenye unga mweupe na kukitia maji maalumu kabla ya kuchoma sindano. Hiyo ni BCG, kinga ya kifua kikuu. Chanjo ya surua na rubella nayo huja vivyo hivyo. Unga huo haukusagwa. Ulikuwa kimiminika, ukagandishwa, kisha barafu yake ikaondolewa katika ombwe, ikigeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza.

Kiwandani swali gumu ni moja: kichupa kipashwe joto kiasi gani? Hakiwezi kufunguliwa katikati ya kazi kikatazamwa, hivyo wataalamu hukokotoa. Huchukua kanieneo ya mvuke juu ya barafu, wakatoa ile ya chumba, kisha wakagawanya kwa ukinzani wa tabaka lililokwisha kukauka. Jibu ni kasi ya barafu kutoweka. Tuseme chumba kina paskali 10. Barafu ikiwa nyuzi hasi 30, kanieneo yake ni takriban paskali 38, na tofauti ni 28. Ikipanda hadi hasi 25, kanieneo hufika 63, na tofauti huwa 53. Kwa nyuzi 5 tu, kasi hukaribia kuwa maradufu!

Tamaa ya kuharakisha, hata hivyo, ina mpaka. Kila dawa ina kiwango chake cha joto. Kikivukwa, tabaka kavu hulainika na kuporomoka, na unga hauyeyuki tena ipasavyo. Unene nao una neno: kina kikiongezwa mara mbili, muda huelekea kuwa mara nne, maana mvuke hupenya tabaka linalozidi kunenepa.

Maji yakirudishwa, ulinzi huo wote hutoweka. BCG iliyochanganywa hutupwa baada ya saa 6, au kliniki inapofungwa, ikiwa ni mapema zaidi. Kwa kuwa kichupa mara nyingi kina dozi 20, baadhi ya vituo huwaambia akina mama warudi siku watoto watakapokuwa wengi. Kwa maoni yangu, dozi 19 zilizotupwa ni hasara nafuu kuliko mtoto mmoja ambaye mama yake alikosa nauli ya kurudi.

Maji ya kuchanganyia nayo yawe ya mtengenezaji yule yule wa chanjo, yakiwa yamepozwa kwanza.