Usimwite Mumeo Mpumbavu

Umemtuma mumeo Marikiti akuletee nazi na bizari, naye amerudi na nazi tu. Juzi alisahau kodi ya nyumba. Ukimwuliza jambo, anakawia kujibu, kisha anakasirika. Majirani hapo Mji wa Kale wananong'ona kwamba amerogwa, au ana mwanamke nje.

Kabla hujagombana naye, kumbuka jambo mnalolijua ninyi wawili: anaishi na virusi vya UKIMWI. Virusi hivi huingia ubongoni mapema, majuma machache baada ya kuambukizwa, vikajificha humo na kuudhuru polepole. Kumbukumbu hupungua, fikira huwa nzito, huzuni na hasira huja. Hiyo si dharau, wala si uchawi.

Tangu 2006 dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya. Anayezitumia sawasawa ni nadra kupotewa kabisa na akili. Lakini usahaulifu mdogo waweza kubaki, na msahaulifu husahau hata vidonge vyake. Hapo ndipo anapokuhitaji.

Fuatana naye Hospitali Kuu ya Pwani, mweleze daktari yote. Pengine ni sonona, au ugonjwa mwingine unaotibika. Akichanganyikiwa ghafula au akiumwa sana kichwa, usingoje kesho. Nyumbani, wekeni saa moja ya vidonge, mwandikie vya kununua, mwambie jambo moja moja.

Mliahidiana katika afya na katika ugonjwa. Basi, ugonjwa wenyewe ndio huu.