KIJITI KIDOGO CHA VOLANI: SOMO JUU YA TAA ZA KUGEUKA NA HATI YA UVUMBUZI



Siku moja ya kiangazi, saa sita na nusu, sisi wakubwa wa zamu tulikuwa tunavusha wadogo kwenye njia kubwa hapa Kampemba. Motokari moja ikakata kona bila kuwasha taa, ikapita karibu kabisa na mtoto wa mwaka wa kwanza. Akaanguka, daftari zikatawanyika, lakini Mungu saidia, hakuumia. Akatuambia: "Yaya, nilionaka paka kile cha kupangusa kioo kinacheza, njo nikapita!"

Mvua hakuna, na kipangusa-kioo kinacheza. Kwa nini? Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwetu Kongo tunapita mkono wa kuume. Lakini motokari nyingi za Lubumbashi zimetoka Japani: volani iko kuume, na kijiti cha taa za kugeuka, zile mashofere wanaita klinyota, kiko kuume pia. Cha kupangusa kioo kiko kushoto. Shofere aliyezoea motokari ya Ulaya anasukuma kijiti cha kushoto, anafikiri ameonyesha njia, kumbe amepangusa vumbi.

Vijiti hivi viwili viko na habari ya wanawake watatu. Mwaka 1903, Mary Anderson wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi (kwa Kifaransa, breve) kwa kipangusa-kioo cha kuvuta kwa mkono. Hati ile ilikuwa ya miaka 17. Ilipokwisha mwaka 1920, hakuwa amepata faida, na kila kiwanda kikawa huru kutumia wazo lake. Mwaka 1914, Florence Lawrence, mchezaji wa sinema aliyezaliwa Kanada, alibuni mkono wa kuonyesha: shofere anabonyeza kifungo, alama inainuka nyuma ya motokari. Akabuni tena alama ya kusimama, inayotokea akikanyaga freni. Yeye hakuchukua hati hata moja. Mama yake, Charlotte Bridgwood, alichukua hati mwaka 1917 kwa kipangusa-kioo cha umeme.

Taa za kumetameta zilikuja nyuma. Kiwanda cha Buick kiliziweka kwenye motokari zake za mwaka 1939, na mwaka 1940 zikaanza kujizima zenyewe. Kazi yake ni hii: ndani ya shina la volani kuko kidude kinachozunguka pamoja nayo. Ukisha kukata kona na volani inarudi kunyoka, kidude kinasukuma kijiti mahali pake, na taa inazimika. Lakini angalieni: mashini inajua kuzima, haijui kuwasha. Kuwasha ni kazi ya mtu.

Sasa, hati ya uvumbuzi ni nini? Ni mapatano kati ya mvumbuzi na Serikali. Mvumbuzi anaeleza wazi namna kitu chake kinavyotengenezwa. Serikali inakataza wengine kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yake kwa miaka fulani. Miaka ikiisha, wazo ni la watu wote. Kwetu iko sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Inatoa miaka 20, kuhesabu tangu siku ya kuweka maombi. Kitu kiwe kipya, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote angeliwaza mara moja, na kiweze kutengenezwa kiwandani. Tena hati ya nchi moja hailindi kitu katika nchi nyingine.

Tunasema haya juu wenzetu wawili wa umeme wanatengeneza taa ya kugeuka ya baiskeli, inayojizima yenyewe, na wanataka kuionyesha siku ya sikukuu ya masomo. Taa ya kugeuka si kitu kipya, hata ya kujizima. Lakini pengine namna yao ya kuizima ni mpya. Basi shauri letu: mbele ya kuonyesha watu, chora yote katika daftari, andika tarehe, mwalimu atie sahihi. Daftari si hati, lakini ni ushuhuda. Kisha muulize wizara ya viwanda. Kitu kikishaonekana mbele ya watu wote, ni vigumu kusema kingali kipya. Na kama feza ya hati haiko, mchague wenyewe kukitoa bure. Ni vizuri pia. Kupoteza bila kujua, hiyo ndiyo hasara.

Ninyi wadogo, kwenye njia msiamini taa peke yake. Angalieni magurudumu ya mbele: yanageukia wapi? Ngojeeni motokari isimame.

MAULIZO
1. Kwa nini kijiti cha kushoto kinadanganya shofere?
2. Mary Anderson alikuwa na hati, Florence Lawrence hakuwa nayo. Kila mmoja alikosa nini?
3. Nani anawasha taa, mashini ao mtu?

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho