Yusufu na Jina la Manase
Somo kwa vijana waliohama kwao: Mwanzo 37 na 39–50

Vijana wengi hutoka kwao wakaenda kukaa mahali pageni. Wako wanaohama kwa ajili ya kazi au masomo. Wako na wanaohama kwa sababu ya aibu, au ugomvi wa nyumbani, au ubaya waliotendwa. Hao wakiulizwa habari za kwao hujibu kwa maneno mafupi, hata wengine hubadili jina. Husema moyoni, "Huku hakuna anijuaye, basi yaliyopita yamekwisha." Je, yamekwisha kweli? Na tuzitazame habari za Yusufu, maana naye alihamishwa akingali kijana.

1. Kuhamishwa kwake. Yusufu alikuwa na miaka 17. Baba yake alimtuma kutoka bonde la Hebroni kwenda Shekemu, awatazame ndugu zake, akawakuta Dothani. Nao walimchukia kwa ajili ya kanzu yake na ndoto zake. Wakamvua kanzu, wakamtupa katika shimo lisilo na maji, kisha wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Kilio chake hakitajwi katika sura ya 37. Twakisikia katika sura ya 42, ndugu wenyewe wanapokumbuka jinsi alivyowasihi, wala wasimsikilize. Hivyo hata wao walikuwa hawajasahau.

2. Jina la mtoto. Alipokuwa na miaka 30 alisimama mbele ya Farao. Akapewa pete, mavazi ya kitani, mke na jina la Kimisri. Mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, maana yake mwenye kusahaulisha, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Lakini fikirini: mtu aliyesahau kabisa ana haja gani ya kuweka ukumbusho wa kusahau? Kila alipomwita mtoto aje kula, aliitaja nyumba ile ile. Tena miaka 7 ya shibe ilipita naye ni mkuu wa nchi, mwenye watumishi na magari. Wala hatusomi popote ya kuwa alituma neno kwa mzee Yakobo aliyekuwa akimlilia. Aliyeumizwa na watu wa nyumbani mwake ataelewa bila kuambiwa.

3. Yaliyopita yaja yenyewe. Njaa ilipoingia, ndugu kumi walishuka Misri kununua nafaka. Yeye aliwatambua, wao hawakumtambua. Akasema nao kwa ukali na kwa mkalimani, ingawa lugha yao aliisikia vema. Akajitenga akalia, akarudi. Walipokuja mara ya pili aliingia chumbani akalia, akanawa uso, akatoka. Huko ndiko kukimbia kwa mtu aliyekaa kitini: miguu imetulia, lakini uso hunawishwa ili watu wasijue.

4. Jinsi alivyoacha kukimbia. Kwanza aliwajaribu. Kikombe chake kilipoonekana katika gunia la Benyamini, Yuda alijitoa awe mtumwa badala ya kijana yule. Naye Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu! Ndipo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Akawatoa Wamisri wote, akalitaja jina lake kwa kinywa chake, bila mkalimani. Akalitaja na kosa lao, ya kuwa walimwuza. Hakusema kwamba si kitu. Kusamehe si kuuita ubaya wema. Bali aliona ya kuwa Mungu ameutumia ubaya ule kuokoa watu wengi. Tena aliulizia habari za baba yake. Hapo ilikuwa imepita miaka 22 hivi.

Angalieni pia jambo asilolifanya: hakuhamia Kanaani. Alikaa Misri, na kazi yake, na mke wake na wanawe. Kuacha kuyakimbia yaliyopita si lazima kuwe kurudi kukaa pale pale. Kwa hiyo ninyi walimu, msimhimize kijana arudi upesi kwa watu waliomtesa. Yusufu alingoja hata alipoona ya kuwa Yuda amekuwa mtu mwingine.

5. Mifupa yake. Yusufu alikufa mwenye miaka 110, akiisha kuwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapotoka Misri. Musa akaichukua (Kutoka 13), nayo ikazikwa Shekemu (Yoshua 24), mahali pale alipotumwa na baba yake siku ile akiwa na miaka 17. Safari iliyokatwa njiani ikatimia.

Maswali ya kuzungumza na vijana:
1. Kwa nini Yusufu alinawa uso kabla ya kutoka chumbani?
2. Kulitaja kosa la mtu na kulipiza kisasi hutofautianaje?
3. Ni nani mtu mmoja mwaminifu ambaye waweza kumwambia jina lako na habari za kwenu?

Mwalimu asimlazimishe mtu kulijibu swali la tatu mbele ya wote. Amwachie nafasi, na mlango wake uwe wazi jioni ile.